Huku Kwetu Wanyama Hawajitangazi

Hotuba kwa vijana wanaoanza kazi ya kuongoza watalii, Dunga, Kisumu

Wazee wetu wa ufuo wa Dunga mliotukaribisha, akina mama mnaosuka mafunjo, walimu, nanyi vijana mliotoka Kakamega, Kitale, Mbita na Nakuru, hamjambo? Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya kumtembeza mgeni katika misitu, maziwa na mbuga za upande huu wa magharibi. Ndiyo kazi niliyoifanya tangu ujana wangu na bado naipenda, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

Kuna jambo moja ningependa mlishike kabla ya mengine yote. Kule Maasai Mara, nyumbu wakiwa wanavuka mto, hakuna mgeni anayehitaji kuambiwa atazame wapi. Mnyama mwenyewe anafanya kazi. Huku kwetu sivyo. Nzohe, yule paa wa kwenye bwawa, hujificha ndani ya matete. Ndovu wa Elgon huingia pangoni usiku. Ndege wa mafunjo unaweza kumpita kwa hatua tatu usijue kwamba yuko. Mgeni akiletwa magharibi bila mwongozaji mzuri atarudi kwao aseme hakuna kitu, na hatakuwa amesema uongo, kwa sababu kweli hakuona kitu. Kwa hiyo huku, safari ni mwongozaji. Macho yako, masikio yako na neno lako la kweli ndivyo anavyolipia mgeni.

Wageni wetu wengi huanzia Nakuru, na swali lao la kwanza ni la heroe, yaani ndege flamingo. Wameona picha za zamani, ufuo mzima umegeuka waridi, wakaja nayo kichwani. Tafadhali, msimwahidi mgeni kitu ambacho ziwa lenyewe halikuahidi. Mwambieni mambo yalivyo. Heroe mdogo hula mwani uitwao spirulina, na mwani huo hustawi katika maji ya magadi yaliyokolea. Tangu mwaka 2010 hivi, maji ya Ziwa Nakuru yamekuwa yakipanda. Yalizifunika barabara za ufuoni, yakaingia mpaka lango kuu la zamani, yakaiua migunga ikiwa imesimama. Maji yakizidi, magadi huzimuliwa, mwani hupungua, na heroe huondoka kufuata chakula Bogoria au kwingineko. Hata wakati ule walipojaa Nakuru, hawakuwa wa Nakuru peke yake, kwani viota vyao viko mbali, katika Ziwa Natron, Tanzania. Mgeni akiyasikia haya huku anaitazama ile migunga iliyokauka majini, ataelewa mwenyewe kwa nini mwaka 2011 UNESCO iliyaorodhesha maziwa matatu kwa pamoja, Nakuru, Elementaita na Bogoria, kuwa urithi mmoja wa dunia. Ndege wanayatumia kama shamba moja, na ndivyo yanavyopaswa kulindwa.

Na pale Nakuru msiwapite twiga haraka. Tazameni miguu yao, kuanzia gotini kwenda chini haina mabaka. Hao ni twiga wa Rothschild, na wazee wao waliletwa mwaka 1977 kutoka Soy, kwenye njia ya Eldoret kwenda Kitale. Ni wa huku kwetu. Mgeni anayeelekea Kitale mkumbushe habari hiyo akishafika Soy, atazame mashamba ya mahindi kulia na kushoto, ajue twiga waliishi hapo. Vifaru wapo pia, weusi na weupe, nao hawahitaji msaada wangu wala wenu ili wapendwe.

Sasa tuje hapa tulipo. Dunga ni mahali pa kumfundisha mgeni kusikiliza. Mtoe hotelini kabla jua halijachomoza, mpandishe mashua, na mkifika kwenye ukingo wa mafunjo zima injini. Usianze kutaja majina. Mwache akae. Mwanzoni atasikia upepo tu na wavuvi wa omena wakirudi na taa zao. Baada ya dakika chache ataanza kusikia kwamba ndani ya mafunjo kuna ndege wanaojibizana, mmoja kulia, mwingine kushoto. Hapo ndipo umnong'oneze atazame shina lililoinama, chini kidogo ya kichwa cha funjo. Akimwona gonoleki wa mafunjo, mgongo mweusi, kifua chekundu cha damu, utosi wa manjano, hatamsahau. Na atakumbuka kwamba alimsikia kwanza, kisha akamwona.

Mweleze pia kwamba ndege huyo makao yake ni mafunjo. Si migomba, si miti ya bustani wala nyasi za kawaida. Mafunjo yakichomwa au yakilimwa, yeye hana pa kwenda. Lakini msiseme hivyo kwa namna ya kumfanya mama anayekata mafunjo aonekane adui. Akina mama waliokaa hapa mbele wanajua kuliko sisi sote: funjo likikatwa vizuri juu ya mzizi, huchipuka tena, nao mkeka na kikapu vikauzwa. Kinachoua bwawa ni moto, mtaro na jembe. Mgeni akionyeshwa mama akichagua mashina yaliyokomaa na kuacha machanga, ameonyeshwa uhifadhi wenyewe, tena na mtu anayeujua kwa mikono yake. Na mama huyo alipwe kwa muda wake, jamani. Msimgeuze kuwa picha ya bure.

Chini ya mafunjo kuna habari nyingine ambayo waongozaji wengi huiruka. Mbuta, ambaye wengine humwita sangara, aliingizwa katika ziwa hili la Viktoria miaka ya 1950, akawala samaki wadogo wa asili, jamii ya fulu, mpaka aina nyingi zikatoweka. Lakini mbuta anahitaji maji yenye hewa ya kutosha, na maji ya ndani ya mafunjo yana hewa kidogo. Huko ndiko samaki wadogo walikokimbilia, na ndiko kamongo anakoishi bila shida kwa sababu hupanda juu kuvuta pumzi. Kule Yala, Ziwa Kanyaboli limezungukwa na mafunjo, na ndani yake bado yupo ngege wa asili ambaye katika ziwa kuu ni kama amekwisha. Mgeni atakayekula samaki mchana kando ya ziwa ale akijua kwamba aliyeko sahanini mwake, ijapokuwa ameitwa ngege, kwa kawaida ni tilapia wa Nili, aliyeletwa naye kutoka kwingine. Hilo halimharibii chakula. Linamfanya alitazame ziwa kwa jicho lingine.

Juu ya kiboko nitasema kwa ukali. Kiboko si mchezo. Asiwepo mwongozaji wa hapa atakayesogeza mashua ili mgeni apate picha nzuri, hata akiahidiwa bahashishi ya namna gani. Usikae kati ya kiboko na maji ya kina, na kila mtu avae jaketi la kuelea tangu gatini, si mkishafika katikati. Mgeni akinuna, na anune. Atarudi hotelini akiwa mzima.

Ruma nitaigusa tu, ingawa yastahili siku nzima. Iko katika Bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, na ndiyo mahali pekee Kenya ambapo bado kuna korongo, yule paa mkubwa mwenye uso wa rangi mbili, mweusi na mweupe. Kilichomhifadhi ni mbung'o. Malale na nagana, magonjwa anayoyaeneza, yaliwafanya watu na ng'ombe wao waliogope bonde hilo kwa miaka mingi, porini pakabaki pori. Mgeni akiona vile vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotundikwa, ni mitego ya mbung'o. Mweleze, kwa maana bila mbung'o hawezi kuielewa Ruma.

Twendeni Kakamega, na hapa mtanisamehe nikikawia.

Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha msitu ule mkubwa wa mvua ulioanzia Kongo. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1933, wakati ule ule ambapo watu walikuwa wakimiminika Kakamega kutafuta dhahabu, na kule kwenye kilima cha Lirhanda bado kuna shimo la wachimbaji ambalo leo linakaliwa na popo. Leo eneo lote ni kama kilomita za mraba 240, lakini miti ya asili haijai hata nusu yake. Kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, na sasa iko chini ya KWS, Huduma ya Wanyamapori ya Kenya. Kusini, Isecheno, ni chini ya Huduma ya Misitu. Mwambieni mgeni mapema, ili asifike langoni na tiketi ya upande usio wake halafu asubuhi nzima ikapotea kwa mabishano.

Mgeni akiingia Kakamega mara ya kwanza hufadhaika. Giza, unyevu, majani juu, majani chini. Anauliza, wanyama wako wapi? Ndipo kazi yako ianze. Mbega watakusaidia kwanza, kwa maana alfajiri hunguruma na mngurumo wao husikika mbali. Wakiisha kupatikana, msiridhike na kusema "mbega mweusi na mweupe" mkaendelea. Mwonyeshe mkono wake: hana kidole gumba, kimebaki kinundu tu, ndiyo maana anaruka akinasa matawi kwa vidole vinne bila kukwama. Mweleze kwa nini mchana anakaa tu kama aliyeshiba harusi: chakula chake ni majani, na tumbo lake lina vyumba ambamo majani huchachuka polepole kabla hayajawa lishe. Na kama kuna mama mwenye mtoto mchanga, mtafute kwa darubini, kwa sababu mtoto wa mbega huzaliwa mweupe wote. Mgeni aliyeona hayo matatu, kidole, tumbo na mtoto, ameona mnyama mmoja kweli kweli. Kwangu ni bora kuliko aliyetajiwa majina ishirini akiwa anakimbizwa.

Lakini wanaonipendeza zaidi ni siafu. Ndiyo, siafu. Vijana wa Isukha mnawajua, mmekua nao. Mkikutana na msafara wa siafu chini ya miti, msiuruke mkaenda zenu. Waambie wageni watie suruali ndani ya soksi, wasimame kando kidogo, wanyamaze. Siafu wakitandaza jeshi lao ardhini, kila mdudu aliyekuwa chini ya jani anakimbia: nyenje, mende wa msituni, buibui. Na ndege wa Kakamega wanajua hivyo. Wapo wanaowafuata siafu kila siku. Siafu wenyewe hawawali, wanawanasa wadudu wanaokimbia. Katika hali ya kawaida ndege hawa ni wa kujificha sana, mtu anaweza kutembea msituni wiki nzima asiwaone. Kwenye siafu wanakuja wenyewe, mmoja, wawili, kisha wengi, wanashuka chini, wanadaka, wanapanda tena, karibu na viatu vyako. Nimewaona wageni waliokuja na orodha ndefu mkononi wakaikunja wakaiweka mfukoni. Hivyo ndivyo msitu unavyofanya kazi, mmoja akimla mwingine akimlisha wa tatu, na mwongozaji aliyeujua alichofanya ni kusimama mahali panapofaa.

Kwa sababu hiyo nawakatazeni jambo moja ambalo limeenea: kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili umvute atoke. Mara moja, pengine. Lakini kuna njia msituni ambapo ndege mmoja huchokozwa asubuhi na kundi hili, saa nne na kundi lile, jioni tena. Dume anasikia adui ameingia nyumbani kwake, anaacha kutafuta chakula, anakuja kupigana na adui ambaye hayupo. Anachoka bure, na mwishowe haji tena, au anahama. Mwongozaji anayejua siafu wanapita wapi, mkuyu upi umeiva na hondohondo watakuja saa ngapi, hana haja ya simu.

Usiku, kama mna kibali na kundi ni dogo, mtafuteni poto. Huyu ni mnyama mdogo wa mitini, jamaa ya komba, ana macho makubwa na mwendo wa taratibu hata jani halitikisiki anapopita. Tumieni taa yenye mwanga mwekundu, msimmulike usoni muda mrefu.

Na msitu huu una wenyewe. Wageni wakiwapita akina mama wenye kuni kichwani, wasiambiwe kwamba hao ndio wanaoumaliza. Mwambieni mgeni habari ya mukombero, mzizi unaouzwa mjini Kakamega na kutafunwa na wazee kwa vijana, ambao ukichimbwa ovyo utakwisha msituni. Kisha mpelekeni kwa wakulima wa Muliru, wanaopanda aina ya mrehani kwenye mashamba yao wenyewe, wakaukamua mafuta ya kutengenezea dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Dawa inatokana na shamba, msitu unapumua, na familia inapata ada ya shule. Mgeni atanunua kichupa bila kubembelezwa.

Kutoka hapo, Kitale. Saiwa Swamp ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, yapata kilomita za mraba tatu, na iliwekwa mwaka 1974 hasa kwa ajili ya nzohe. Hakuna gari humo, ni miguu tu na majukwaa ya mbao. Panda jukwaani mapema au jioni, ukae. Nzohe ana kwato ndefu zilizotanuka zinazomwezesha kutembea juu ya matope bila kuzama, na akiogopa huingia majini akaacha pua tu. Nilisikia kuhusu mahali fulani ambapo mtu aliwalipa watoto wapige kelele upande wa pili ili mnyama atoke wageni wapige picha. Haya ni mambo ya aibu. Asipotoka, hakutoka. Mna kima wa De Brazza kwenye miti ya kando, mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya machungwa; mtazameni yeye huku mkingoja.

Tumalizie Elgon. Pango la Kitum linaingia mlimani karibu mita 200. Miaka na miaka ndovu wamekuwa wakiingia humo usiku, wakipapasa njia kwa mkonga katika giza totoro, wanachimbua ukuta kwa pembe zao na kutafuna mawe kwa ajili ya chumvi. Nyanda za juu hunyeshewa sana, mvua huosha madini kutoka udongoni, na majani ya huko hayampi ndovu chumvi ya kumtosha. Ndiyo sababu anaifuata ndani ya mwamba. Ujangili umewapunguza mno, na mgeni wa mchana hatamkuta ndovu pangoni. Alama zipo. Mchukue mpaka ukutani, mwombe aelekeze tochi kwa ubavu ili vivuli vionekane, naye ataona mikwaruzo ya pembe, mmoja juu ya mwingine, mpaka kimo ambacho mkono wake haufiki. Hapo huhitaji kusema mengi.

Lakini kuna la lazima kusema, tena kabla hamjaingia. Mwaka 1980 na mwaka 1987, watu waliokuwa wametembelea pango hili waliugua homa ya Marburg wakafariki, na virusi hivyo hubebwa na popo wala matunda. Mgeni ana haki ya kujua. Asishike kinyesi cha popo, asiegemee kuta zenye uchafu, avae barakoa na glavu, na anayetaka kubaki nje abaki bila kuonewa haya. Wapo wanaonyamaza juu ya hili wakiogopa kupoteza biashara. Mimi nasema mgeni uliyemwambia ukweli pale mlangoni ndiye atakayekuamini ukimwambia mengine yote.

Sasa neno kwa wenye hoteli na wanaouza safari, maana nawaona wachache nyuma. Msiuze magharibi yote kwa siku mbili. Mgeni anayepita Dunga saa nne, Kakamega saa nane na Kitale usiku hataona chochote katika hivi nilivyotaja, kwa kuwa vyote hutokea alfajiri, jioni au ukisimama mahali pamoja kwa muda mrefu. Atalala usiku mmoja zaidi Kisumu na mmoja zaidi Kakamega, na hiyo ni faida yenu. Na kijana anayewaongozea wageni mlipeni siku ile ile, msimwache aishi kwa bahashishi. Anayeishi kwa bahashishi ndiye atakayesogeza mashua karibu na kiboko.

Nanyi vijana, fanyeni mitihani ya KPSGA, chama cha waongoza watalii wa Kenya. Anzeni na shaba, kisha fedha, na wapo kati yenu nitakaowaona na dhahabu. Someni majina ya kisayansi, lakini msidharau mnayoyajua kutoka nyumbani: mti gani babu alikataza kukatwa, mvua inatokea upande gani, kamongo anavuliwa vipi ziwa likipungua. Hayo hayamo vitabuni vya watu wengi, na ndiyo yatakayomfanya mgeni akuulize jina lako kabla hajaondoka.

Kesho tunakutana gatini hapa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kila mmoja aje na daftari, kalamu ya risasi, na darubini kama anayo, zisizotosha tutapokezana. Wa Kakamega na Kitale watakaa mashua moja na wa hapa ziwani, ili wenye masikio ya msituni wajifunze kwa wenye masikio ya maji. Simu zitabaki kwa mama wa chai mpaka turudi. Kila mtu atachagua ndege mmoja tu, atamfuata kwa nusu saa, kisha atatueleza ndege huyo alikuwa akifanya nini na kwa nini. Majina tutayatafuta baadaye. Karibuni kwa maswali, na tuanze na akina mama.